Usikae Chini ya Mkomamanga

Muhtasari wa ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Somo: 1 Samweli 13:5–14, 13:19–14:15
Maandiko mengine: Mhubiri 11:4–6, Luka 14:28–30, Matendo 24:24–27

 

Wapendwa, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema si la madhabahuni. Nataka tuzungumze juu ya kununua laptopu. Naona vijana wameinua vichwa. Wazazi nao wanajiuliza, mchungaji ametoka wapi na hii. Tulieni, tutafika kwa Neno.

Katika ushauri wa siku za wiki, swali hili limekuja ofisini mara nyingi. Mama ameweka pesa kidogo kidogo kwenye chama, binti yake ameitwa chuo, na sasa pesa zimefika. Lakini binti anasema, "Mama, tungoje kidogo, kuna mpya inakuja." Kijana mwingine amesomea uhasibu, ana wateja watatu wa kuwajazia ritani za KRA, lakini kila kazi anaifanyia saiba kwa sababu anangoja bei ishuke. Mwingine naye hana kazi yoyote ya kufanyia hiyo mashine, lakini ameshaingia deni la simu ili aipate kesho asubuhi. Hao wote ni watoto wa Mungu, wote wanaomba, na wote wanauliza swali moja: ninunue sasa ama ningoje?

Fungueni Biblia zenu pamoja nami, 1 Samweli 13.

Taifa lisilo na fundi wa chuma

Kuanzia mstari wa 19 tunaambiwa jambo la ajabu. Katika nchi yote ya Israeli hapakuwa na mhunzi, yaani fundi wa kufua chuma. Hata mmoja! Wafilisti ndio walioshika teknolojia ya wakati ule, na walihakikisha Waebrania hawaipati, wasije wakajitengenezea panga na mikuki. Kwa hivyo Mwisraeli akitaka kunoa jembe lake, shoka lake ama mundu wake, ilibidi ashuke kwa Mfilisti. Na Mfilisti hakunoa bure. Mstari wa 21 unataja ada, ambayo wasomi wa Biblia wanaikadiria kuwa karibu theluthi mbili ya shekeli.

Hebu fikiria huyo mkulima. Shamba ni lake, mbegu ni yake, mvua ni ya Mungu. Lakini kila msimu anatoa pesa kwa adui yake ili aweze kulima. Siku ya vita ilipofika, jeshi zima halikuwa na upanga wala mkuki mkononi, isipokuwa Sauli na mwanawe Yonathani.

Sasa wewe ambaye una kazi na huna chombo, unajiona hapo? Kazi ni yako, akili Mungu amekupa, mteja yuko. Lakini kila siku unashuka saiba. Tufanye hesabu ya kawaida tu. Ukitumia shilingi 100 kwa siku, kwa siku 20 za mwezi, hizo ni shilingi 2,000. Kwa mwaka ni shilingi 24,000. Kijana aliyengoja miaka miwili ili bei ishuke ametoa shilingi 48,000, na bado hana mashine. Bei ilishuka kweli, lakini mfuko wake ulishuka zaidi. Hiyo ndiyo ada ya kunoa kwa Wafilisti.

Sisemi saiba ni mbaya. Wenye saiba wako hapa kanisani, Mungu awabariki, na kama unaenda mara moja kwa mwezi kuchapisha fomu, endelea kwenda. Nasema juu ya mtu ambaye anakodi kila siku kitu ambacho kingekuwa chake.

Sauli aliyekimbia

Huyu mfalme Sauli alikosea mara mbili, na makosa yake yanapingana. Nataka uyaone yote mawili, kwa sababu wengine wetu tuna ugonjwa wa kwanza na wengine tuna wa pili.

Kosa la kwanza liko mlango wa 13, mstari wa 8. Samweli alikuwa amempa Sauli muda wa siku 7 kumngoja Gilgali. Sauli akangoja. Siku ya saba ikafika, Samweli haonekani, watu wanaanza kutawanyika, Wafilisti wamejaa kama mchanga wa pwani. Sauli akashindwa kuvumilia. Akatoa sadaka ya kuteketezwa mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Na soma mstari wa 10: alipomaliza tu, Samweli huyo! Saa chache tu zilibaki, na kwa saa hizo alipoteza ufalme wa uzao wake.

Kuna watu wananunua hivyo. Moyo unadunda, rafiki amenunua, tangazo limesema ofa inaisha leo saa sita usiku. Hajauliza bei kwa duka la pili. Hajui mashine ina RAM ya kiasi gani. Anachukua mkopo wa simu juu ya mkopo mwingine, ama anaweka sahihi kwa mpango wa kulipa kila siku bila kupiga hesabu. Tuseme laptopu inauzwa shilingi 30,000 taslimu. Unaambiwa, weka 6,000 tu, halafu shilingi 150 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 150! Si ni pesa ya chai na mandazi? Lakini kanisa, pigeni hesabu. Shilingi 150 mara siku 365 ni 54,750. Ongeza zile 6,000, imekuwa 60,750. Umenunua laptopu mbili na umepewa moja.

Mithali 22:7 inatufundisha kwamba mwenye kukopa anajifanya mtumwa wa aliyemkopesha. Sulemani hajasema usikope kamwe. Amekuonyesha nani atakuwa bosi wako baada ya kukopa. Na Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anatuonyesha mtu anayetaka kujenga mnara. Jambo la kwanza anaketi chini, anahesabu gharama, anaangalia kama anazo za kumalizia. Yesu hakuona kupiga hesabu kuwa ni kukosa imani. Amina? Hiyo amina ni ndogo. Wenye mikopo wanaogopa kusema amina.

Sauli aliyeketi

Kosa la pili liko mlango wa 14, mstari wa 2, na watu wengi huupita bila kuuona. Siku chache zimepita. Wafilisti wako ng'ambo ya bonde. Na Sauli yuko wapi? Amekaa chini ya mkomamanga, pale Migroni, pamoja na watu karibu 600. Ana upanga. Ana kuhani kando yake. Ana kivuli. Lakini hatuambiwi ameomba, hatuambiwi ametoa amri yoyote. Ameketi tu.

Mtu huyu alikimbia mahali pa kungoja, na sasa anangoja mahali pa kwenda. Pengine anangoja chuma zaidi, ama anangoja Wafilisti wachoke. Biblia haituambii, na nafikiri hata yeye angeulizwa, asingekuwa na jibu.

Huu ndio ugonjwa wa mtu anayesema "ningoje inayokuja" bila kujua inakuja lini wala inakuja na nini. Wapendwa, wacha niwaambie kitu kuhusu kompyuta. Mwaka 1965 mtaalamu mmoja Mmarekani, Gordon Moore, aliandika kwamba idadi ya sehemu zinazowekwa kwenye chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha, akasema itakuwa karibu kila miaka miwili. Kwa miongo mingi viwanda vilikimbia kwa mwendo huo. Maana yake ni nini kwako? Hakuna siku utaingia dukani pale Luthuli Avenue ukute teknolojia imemaliza kukua. Ukingoja mpya, ikifika utasikia nyingine iko njiani. Aliyengoja mwaka 1990 angekuwa bado anangoja leo, na mvi kichwani.

Mhubiri 11:4 inamzungumzia mkulima wa namna hiyo. Kila asubuhi anatoka nje, anaangalia upepo, anarudi ndani. Anaangalia mawingu, anarudi ndani. Wenzake wanapalilia, yeye bado anasoma anga. Msimu unaisha akiwa mtaalamu wa hali ya hewa asiye na hata gunia moja. Halafu mstari wa 6 unatupa dawa: panda asubuhi, na jioni usilegeze mkono, kwa kuwa hujui ni ipi itakayofanikiwa. Mungu hakukuahidi kwamba utajua kila kitu kabla hujaanza.

Yonathani: hakukimbia, hakuketi

Sasa tumwangalie kijana. Yonathani ana upanga ule ule mmoja. Hana kitu ambacho baba yake hana. Mazingira ni yale yale, adui ni yule yule. Tofauti iko katika mambo matatu, na haya ndiyo nataka uende nayo nyumbani.

Kwanza, Yonathani alijua kazi yake. Hakuamka akasema nataka kutumia upanga. Aliamka akasema, twende ng'ambo kwa ngome ya Wafilisti. Kazi kwanza, chombo baadaye. Ukija ofisini ukiniuliza "mchungaji, ninunue laptopu?", nitakuuliza "ya kufanya nini?" Kama jibu ni kuandika insha za chuo, kujaza ritani, kufundisha kwa intaneti, kutunza hesabu za duka, hizo kazi hazihitaji mashine ya bei ya ng'ombe wawili. Kama unahariri video ama unachora ramani za nyumba, hiyo ni kazi nzito, inataka mashine nzito. Na kama hakuna jibu, kama unataka tu ionekane juu ya meza ukiwa mkahawani, basi ngoja. Huyo anayekusukuma si Roho Mtakatifu.

Pili, Yonathani alitumia kilichokuwa mkononi. Alimwambia mbeba silaha wake kwamba Bwana hazuiliwi na uchache wa watu. Hakuwa na gari la vita. Mstari wa 13 unasema alipanda mwamba kwa mikono na miguu. Mungu wetu anapenda kuanza na kilichopo. Kwa yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye wadai walitaka kumchukulia wana wake wawili, Elisha aliuliza swali moja: una nini nyumbani? Chupa ya mafuta ilitosha. Usidharau mashine iliyotumika ng'ambo ikiwa ni nzima. Ukiangalia kwa makini, ya mtumba yenye nguvu inaweza kukutumikia vizuri kuliko mpya ya bei ya chini ambayo ni dhaifu.

Tatu, na hapa vijana mnisikize, Yonathani aliuliza kabla ya kupanda. Soma mstari wa 8 hadi wa 10. Aliweka ishara. Wakisema tungojeni hapo, tutasimama. Wakisema pandeni, tutapanda. Alikuwa tayari kwa majibu yote mawili! Huyo ndiye mtu wa imani. Alikuwa tayari kungoja na alikuwa tayari kwenda, lakini hakuwa tayari kukaa bila kujua. Kuuliza kwako ni kuomba, halafu kuuliza wanaojua. Fundi wa kompyuta aliye katika kanisa hili ni zawadi ya Mungu kwako. Nenda naye dukani, umnunulie chakula cha mchana.

Kungoja kwa haki kuna tarehe

Kuna mtu hapa anajiuliza, basi nikiambiwa ningoje, nitajuaje kwamba si mkomamanga? Jibu ni rahisi. Kungoja kwa haki kuna sababu na kuna tarehe. Samweli alisema siku 7. Ukisema "nangoja mpaka Aprili, kwa sababu chama kitanipa zamu yangu na sitakopa", hiyo ni hekima. Ukisema "nangoja karo ya mdogo wangu ilipwe kwanza", huo ni upendo, na Mungu anauona. Ukisema "nangoja wiki mbili nilinganishe bei kwa maduka matatu", Luka 14 inakuunga mkono. Lakini ukisema "tuone tu vile mambo yatakuwa", ndugu yangu, angalia juu. Hayo ni makomamanga.

Na kuna wakati mambo ya teknolojia yenyewe yanakupa sababu. Nitoe mfano mmoja ambao unawagusa wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mashine yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo, inaendelea kuwaka. Lakini milango yake hairekebishwi tena bila mpango maalum, na wezi wa mitandao wanajua. Windows 11 nayo haikubali rasmi kila mashine. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, RAM isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64. Kwa hivyo mama, ukipelekwa dukani ukaonyeshwa mashine inang'aa, imepigwa polishi, bei nzuri, uliza: hii ni kizazi cha ngapi? Inakubali Windows 11? Ile RAM ya GB 4 ni ya kuanzia tu. Ukiweza upate GB 8, na diski iwe ya SSD, kwa sababu ndiyo hufanya mashine iwe nyepesi. Uiwashe mbele ya muuzaji, ichomoe kwa umeme uone betri inakaa, jaribu kila kitufe, na uondoke na risiti yenye maandishi ya warantii. Mithali 14:15 inasema mjinga anaamini kila neno, lakini mwenye busara anaangalia hatua zake.

Wazazi, na hapa nawasihi kwa upendo. Mtoto wa chuo anayeandika kazi ya kurasa 20 kwa simu anaumia. Si kila mzazi ana uwezo, na Mungu anajua. Usijilaumu. Lakini kama pesa ipo na umeishikilia kwa sababu jirani amekuambia mwaka ujao zitakuwa nafuu, kumbuka mwaka wa kwanza wa chuo haurudi. Bei ya mashine itashuka, lakini muhula uliopita huuzwi dukani.

Na nyinyi watoto, mzazi akikuletea iliyotumika, usimwonyeshe uso wa mvua. Sikiliza jinsi zile shilingi zilivyopatikana.

Tumwombe Mungu atuinue

Mwisho wa hadithi uko mstari wa 14 na 15. Yonathani na mbeba silaha wake waliangusha watu karibu 20 katika nafasi ndogo kama nusu ya shamba. Watu 20 hawawezi kumaliza jeshi. Lakini baada ya hao 20, Mungu akatetemesha nchi, hofu ikashika kambi nzima. Yonathani alifanya la kwake, Mungu akafanya la Mungu. Na mstari wa 22 unasema hata wale Waisraeli waliokuwa wamejificha milimani walitoka, wakajiunga. Hatua ya mtu mmoja ilifungua watu wengi. Hujui ni nani atapona kwa sababu wewe umesimama.

Wapendwa, laptopu ni kitu kidogo. Itazeeka, nondo na kutu vina kazi yao. Lakini namna unavyoamua jambo dogo ndiyo namna unavyoamua jambo kubwa. Kuna mtu hapa anangoja kuoa kwa miaka 6, na dada wa watu ananyauka. Kuna mtu anangoja kuomba msamaha mpaka ndugu yake aanze. Na kuna mtu anangoja kuokoka.

Matendo 24 inatuambia juu ya liwali Feliki. Alimsikia Paulo akieleza habari ya haki, kiasi, na hukumu inayokuja. Akaingiwa na hofu. Neno lilimgusa! Lakini akamwambia Paulo aende kwanza, akipata nafasi atamwita. Mstari wa 27: miaka miwili ikapita. Aliendelea kumwita Paulo, wakaongea mara nyingi, akitumaini kupewa hongo. Ile nafasi haikuja. Akahamishwa kazi, akamwacha Paulo kifungoni. Biblia haituambii kwamba Feliki aliokoka.

Unangoja nini? Unangoja uwe mtu bora kwanza? Unangoja uache pombe ndipo uje? Yesu hana toleo jipya linalokuja mwakani. Ni yule yule jana, leo na hata milele. Simama hapo ulipo, toka chini ya mkomamanga, njoo.

Maombi: Baba, katika jina la Yesu, tuondolee haraka inayotuingiza kwenye madeni, na utuondolee uoga tunaouita hekima. Tupe kujua kazi uliyotupa, tupe chombo kinachotosha, na utupe kuridhika nacho. Wenye pesa kidogo, bariki kidogo chao. Wanaongoja kwa sababu ya haki, watie nguvu mpaka tarehe yao ifike. Na anayekuja kwako leo, mpokee. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani, wiki hii

1. Someni 1 Samweli 13 na 14 pamoja. Kati ya Sauli aliyekimbia na Sauli aliyeketi, wewe unafanana na yupi zaidi?
2. Taja kitu kimoja unachongojea. Sababu yako ni ipi, na tarehe yako ni lini?
3. Pigeni hesabu ya ada moja unayolipa "kwa Wafilisti" kila mwezi. Kwa mwaka inafika ngapi?
4. Mstari wa kukariri: Mhubiri 11:4.

Wanaotaka ushauri kabla ya kununua vifaa vya chuo, idara ya vijana itakuwa nyuma ya kanisa baada ya kila ibada. Ushauri ni bure. Njoo na bajeti yako, hata kama ni ndogo.